Masizi ya Ngedere

Zama zile wanyama walipokuwa wakivua kwa ndoana, fundi wa fito za kuvulia alikuwa Nungunungu. Alikata mianzi iliyokomaa, akaining'iniza juu ya jiko, ikala moshi masika mawili ndipo aitoe. Jirani yake Ngedere alichoka kutazama.

"Bibi, moshi wote huu wa nini? Mvuvi anaona weusi tu."

"Mwanzi usiokula moshi huliwa na mdudu kwa ndani, mjukuu wangu, na nje ukabaki mzuri vilevile."

Ngedere akacheka. Alikata mianzi mibichi, akaipaka masizi ya chungu, na kabla jua halijatua alikuwa na fito ishirini, nyeusi tititi. Wanyama walizigombania, kila mmoja akaja na samaki wake kubadilisha, maana za Nungunungu zilikuwa za kungojewa.

Masika yaliyofuata mto ulifura, ukamchukua mtoto wa Ngedere aliyekuwa akicheza ukingoni. Nguchiro, aliyekuwa akivua hapo, akamnyooshea ufito wake. Mtoto akaudaka kwa mikono miwili.

Ngedere alifika mbio, akihema. Akautazama ule ufito mweusi, akaukazia macho, asijue ni kazi ya nani.

"Nguchiro! Ufito huo uliupata kwa nani?"

Nguchiro alikuwa akivuta kwa nguvu zake zote.

"Usihofu, ndugu yangu," akasema. "Ni wa kwako."

Mwanzi ukalia kah, na unga mweupe ukamwagika juu ya maji.