Chafya kwa Zamu

Jumamosi, tarehe saba Septemba. Jua lilichomoza bila wingu, na upepo mkavu ukaanza kukung'uta miti iliyochanua kando ya barabara. Muda si muda chavua ya njano ilikuwa imetanda juu ya gari, juu ya ngazi, hata juu ya maji ya ndoo.

Yaya alikwisha kufunga madirisha yote ya upande wa barabara. Begi lake lilikuwa mlangoni, limekazwa kwa kamba, maana zipu yake ilikufa zamani.

"Asubuhi usiyafungue, mama," alisema. "Subiri upepo ulale. Hata joto likizidi, vumilia tu."

Mama mwenye nyumba aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Majina ya dawa aliyajua kuliko yaya, na kila msimu yeye ndiye aliyemshika mtoto mkono kwa daktari. Yaliyokuwa yakimpita ni yale madogo madogo ya usiku, ambayo mtu huyajua kwa kulala karibu.

"Vidonge umwanzishie kila msimu kabla maua hayajafunguka. Macho yakishavimba umechelewa. Nguo zake anika ndani. Akitoka shule, kwanza uso na nywele, ndipo aguse mto. Maji ya chumvi ya kusafishia pua yachemshwe, yapoe. Atakimbia. Mwambie aanze yeye kumsafisha mwanasesere, atakuja mwenyewe."

"Na kifua?"

"Kikianza kupiga mluzi, dawa yake ya kuvuta. Kisipotulia, hospitali hapo hapo. Na usimwamini akikwambia hajambo. Kipusa kwa habari ya kifua ni mwongo aliyehitimu."

Mama alicheka, kisha akajuta kucheka. Akaanza kukunja taulo lililokwisha kukunjwa.

"Dada, usinione nina roho mbaya."

"Sikuoni hivyo, mama."

Kweli hakumwona hivyo. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba usiku mmoja wa msimu huu kifua cha mtoto kingebana, na pasingekuwa na sikio la kukisikia. Kwa hofu hiyo aliomba tangu alfajiri, magoti sakafuni. Hakuomba abaki. Aliomba mama apewe usingizi mwepesi.

Maneno yalianzia dukani, wiki iliyopita. Yaya na Kipusa walisimama kwenye foleni, mama nyuma yao. Mtoto akapiga chafya, yaya akafuata, mtoto akarudia. Wote wawili wakasugua pua kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu.

"Ala!" muuza duka alisema. "Nyie mnapiga chafya kwa zamu kama majogoo wa mtaa mmoja!"

"Chavua haichagui, kaka," yaya alimjibu. "Subiri, kesho ni zamu yako."

Foleni nzima ilicheka isipokuwa mama. Usiku ule Kipusa aliamka akikohoa, akaita, "Dada! Dada!" Mama alifika wa kwanza. Mtoto akamtazama, akaendelea kuita. Asubuhi baba alimwita yaya sebuleni. Alianza sentensi mara kadhaa, akazivunja zote njiani, mwisho akasema, "Anakuita wewe. Mama yake amesimama pale pale, na anakuita wewe." Yaya alielewa. Alikwenda kutafuta kamba ya begi.

Sasa aliingia chumbani kwa mtoto. Kipusa alikuwa bado amelala, mdomo wazi kwa ajili ya pua iliyoziba. Yaya aliinamisha sikio karibu na kifua chake. Kilikuwa kimya, kinapanda na kushuka vizuri. Alitaka kumbusu. Akamgusa paji kwa mgongo wa kidole, asije akamwamsha, akamwekea mto wa pili chini ya kichwa.

"Bwana, mlinde," alinong'ona. "Mimi nimefika hapa."

Mlango wa mbele uligongwa. Alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mkunga aliyestaafu ambaye sauti yake haikuwa imetoka wodini. Ndiye aliyemleta yaya katika nyumba hii, na leo amekuja kumtoa.

"Mbona mnatembea kwa ncha za vidole kama wezi?" alisema. "Kaeni. Na wewe binti, umekunywa chai?"

"Bado, shangazi."

"Mpeni chai. Mtu haondoki nyumbani kwa watu na tumbo tupu."

Mama mwenyewe aliimimina, nyingine ikamwagikia sahani. Yaya aliinywa yote. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Msimu huu umeanza na kiburi," baba alisema, akiyatazama macho yale kisha akitazama ukuta.

"Naam, baba. Chavua ni nyingi."

Shangazi alishusha kikombe.

"Tumalize kabla mtoto hajaamka. Jambo hili lilianza mbele yangu, na mbele yangu liishe. Nyie wawili ni mashahidi. Binti, simama, useme kwa sauti. Mungu anasikia, nasi tusikie."

Yaya alisimama. Akafuta macho kwa kanga, akamtazama mama, si shangazi.

"Mimi niliyemzaa Kipusa," alisema, "naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: sitarudi hapa, sitamfuata shuleni, na siku atakapouliza mama yake ni nani, mama yake ni huyu."