Spika Mpya za Mutiso

Muuzaji wa pale kituo cha Kawangware 56 aliunganisha spika mpya, akaweka muziki wa benga, akaongeza sauti.

Mke wa Mutiso akafumba macho. "Woi, Baba Mwende! Unasikia hiyo gitaa? Na kayamba kwa nyuma?"

Mutiso alisikia besi peke yake. Gitaa haikuwapo. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi, sawasawa na ile ya spika zao kuukuu kule nyumbani Gatina, ambazo amezilalamikia mwaka mzima.

Akaweka vidole kwenye ile karatasi nyeusi ya spika. Ilikuwa inatetemeka upesi upesi, mitetemo midogo midogo ambayo vidole viliipata vizuri na masikio hayakuipata kabisa.

Hapo akaelewa. Miaka yote amekata vyuma kwa grinda bila kuziba masikio. Spika za nyumbani hazikuwa na kasoro yoyote.

Akageuka amwambie mkewe. Mkewe alikuwa tayari ameshika simu, analipa kwa pesa alizokuwa amejiwekea za kununua cherehani.

"Mama Mwende, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Cherehani itangoja," mkewe alisema, huku akicheka. "Umekosa raha ya muziki muda mrefu. Nataka ukitoka kazini ufurahi. Niambie tu ukweli, hizi zimeshinda zetu?"

Muuzaji akamtazama. Mkewe akamtazama, kidole kikiwa juu ya simu.

"Zimeshinda," Mutiso akasema. "Zimeshinda mbali sana."