Mstari wa Abee

Siku hizi simu inaruhusiwa kumjibia mtu akiwa kazini, tena kwa maneno yake mwenyewe, na hailazimiki kusema kuwa ni yenyewe inayojibu. Wengi wamezoea. Mimi sijazoea.

Mume wangu, Shekue, yuko mgodini mwaka wa pili sasa. Kwao mtu akikuita hakuambii neno mpaka uitike, kwa hiyo hata kwenye ujumbe huandika jina langu, huacha mstari mmoja mtupu, ndipo huendelea. Mstari ule ni wangu. Hata niwe nakuna nazi, mimi husema "Abee!" kwa sauti, kisha nasoma.

Wiki tatu hizi jina na habari vinakuja vimebanana: "Riziki, nimekula, nimelala vizuri, wasalimie." Nani huyu anayeniita na hasubiri niitike?

Jana asubuhi nilimwandikia mdogo wangu, Mwanahawa: "Shemeji yako haachi tena mstari wa abee. Nahisi si yeye anayeandika."

Hata hajanijibu, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Shekue.

"Riziki,

Nimekukumbuka sana, mke wangu."

Mstari mtupu ulikuwepo, mahali pake kabisa. Nikampigia Mwanahawa kumuuliza kama amemwambia shemeji yake lolote.

"Nimwambie nini, dada? Ndiyo kwanza naishika simu. Kwani umeniandikia?"

Basi ujumbe wangu ulikuwa haujasomwa na mtu yeyote, ila na simu. Nikailaza yangu kifudifudi mezani, nikarudi kwenye mbuzi kumalizia nazi.

Sikuitika.