Lori la Tsofa Saa ya Ijumaa

Sidi alijibanza nyuma ya mapipa ya dizeli, bakuli la wali mkononi, akamwona mumewe akimshikia fundi taa chini ya boneti.

Yadi ya Makupa ilikuwa tupu. Ilikuwa saa ya Ijumaa. Tajiri, karani na bawabu wote walikuwa msikitini. Saa kama hii Sidi alizoea kumkuta Tsofa amelala ndani ya lori, akijiwekea akiba ya usingizi kabla ya safari ya Nairobi ya jioni.

"Fanya hima, Mumo," Tsofa alimwambia fundi. "Swala haichukui siku nzima."

"Na tajiri akijua?"

"Akijua, kazi sina. Madereva wenzangu wakijua, rafiki sina. Na Sidi ndiye asijue kabisa. Mke wangu nampenda, lakini mdomo wake hauna mlango."

 Sidi hakuhitaji kuambiwa ni nini kilichokuwa pale chini ya boneti. Ilikuwa gavana, kile kidude cha kulizuia lori lisipite kilomita themanini kwa saa. Mwaka ule wa tisini na sita, watu walikigombania kila kona: kilazimishwe kwa sheria, au kisilazimishwe?

Mwezi uliopita kulikuwa na mkutano Tononoka. Sidi, ambaye kazi yake ni kupiga deki wodi ya majeruhi, alisimama mbele ya umati akasema, "Nyinyi mwabishana. Damu naifuta mimi!" Tsofa, msemaji wa madereva, akasimama baada yake akapinga: dereva hulipwa kwa safari, na lori la kutambaa ni njaa nyumbani. Ndipo Bwana Jamaldin, tajiri wake, alipowanyamazisha wote. Alitangaza kwamba malori yake sita ameshayafunga gavana, kwa pesa zake mwenyewe, bila kungoja sheria. Wanawake walipiga vigelegele. Sidi alipiga mpaka koo likamkauka.

"Sikusema langu," Tsofa alijitetea walipofika nyumbani. "Nilisema la walionituma." Sidi aliona ni maneno ya mwanamume aliyebanwa, akampa mgongo siku tatu.

Sasa mambo yalijipanga yenyewe. Redio yao iliyotoweka, ati imepelekwa kutengenezwa: kumbe imeuzwa kumlipa Mumo. Na Jumatatu, Tsofa aliporudi kutoka Nairobi akakaa kitandani, kikombe cha chai kikimtetemeka mkononi, asile, asiseme. Sidi alidhani ni malaria. Kumbe zilikuwa hasira za lori kutambaa.

"Safari kama ile ya Jumatatu sirudii tena," Tsofa alikuwa akisema. "Waya huo ukate hapo."

 Sidi alimwona akilini kakake Lennox, dereva vilevile, jinsi alivyoletwa wodini miaka miwili nyuma amefungwa ndani ya turubali la lori lake. Zamu ilikuwa ya Sidi siku hiyo. Tangu hapo hofu yake ilikuwa moja tu duniani: kwamba Tsofa ataletwa vivyo hivyo.

Mke kumshitaki mumewe kwa tajiri ni kujivua nguo sokoni. Sidi alilijua hilo, akaona haya, na akaenda. Heri mume asiye na kazi. Asiye na kazi hula, hugomba na hukoroma.

Alisimama ng'ambo ya msikiti, bakuli bado mkononi, watu wakimtazama. Bwana Jamaldin alipotoka, alimwendea mbio.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Si kwema. Tsofa yuachezea gavana. Yuko na fundi Mumo yadini, sasa hivi."

Jamaldin alisita, kiatu kimoja mguuni. "Gavana? Kwenye lori langu?"

"Nimeona kwa macho yangu haya. Nakuomba, leo usimpe safari. Mzuie, hata ukimfukuza."

"Nani mwingine ajua?"

"Mimi na wewe tu."

"Vyema. Basi na iwe hivyo, usimwambie mtu."

Alishika njia, kanzu ameipandisha, na Sidi akamfuata kwa kukimbia. Hakuwahi kumwona mzee yule akienda kasi namna ile. Akashukuru moyoni kwamba wapo matajiri wenye huruma.

Walipoingia yadini, Mumo alikuwa akipangusa mikono na Tsofa akishusha boneti. Tsofa alimwona tajiri, kisha akamwona aliye nyuma yake. Uso ukamsawijika.

"Sidi," alisema taratibu. "Wewe?"

"Mimi," alijibu, machozi yakimtoka. "Bora unichukie ukiwa hai."

 Mumo alitazama chini.

Jamaldin aliinua boneti mwenyewe, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Alipapasa kidude kilichokaa kando ya pampu, akavuta waya wake, akaona lakiri ya risasi, muhuri wa kidude kipya, ikining'inia, haijashika hata vumbi. 

"Kitoe," tajiri alimwambia Mumo. "Malori yangu hayajapata kufungwa kitu hiki hata siku moja, na dereva hatanianzia leo. Nairobi wanangoja mzigo alfajiri."

Kisha akamtupia Tsofa ufunguo, akamgeukia Sidi.

"Ahsante sana, mwanangu. Mumeo angenichelewesha."