Damu ya Ng'ombe wa Kabula

Matanga ya Kabula yalikuwa hayajaanuliwa, na katika mji ule ng'ombe wa marehemu haguswi mpaka yaanuliwe. Lakini Nyamizi, mama wa marehemu, alimkuta Daktari Mwombeki zizini, ameshamtoa ng'ombe damu.

"Pole, mama," alisema daktari, akiitia chupa ya damu kwenye boksi la barafu isiharibike kwa joto. "Vimelea vya malale havifanani. Vingine huua ng'ombe tu, vingine huua hata watu. Vya ng'ombe huyu nilivyovipima mwezi jana ni sawasawa na vile hospitali ilivyovikuta katika damu ya binti yako baada ya kifo, na ni aina mpya kabisa! Tutaipa jina la mji huu."

"Mwanangu alipokuwa hoi nilikuja kwako ili apimwe," alisema Nyamizi. "Ukaniambia maabara yako ni ya mifugo, si ya watu. Mbona huyu mdudu aliyemuua hukumwambia hivyo?"

Daktari akalifunika boksi.

"Hilo jina la mji liache. Mwite mdudu jina lako."

Nyamizi akalivuta boksi, akaling'oa kifuniko na kukitupa kwenye samadi. Akaketi kando ya boksi juani, mkono juu ya chupa, akiitazama barafu ikiyeyuka.