Pipa la Kulia

Siku Margwe aliyoondoka, ukungu ulikuwa umeifunika Mbulu mjini, na Land Rover yake ya buluu iliwaka mara moja tu, kimya kama cherehani mpya. Alikuwa amepakia vitunguu saumu vya kupeleka Babati. Kishikio cha mlango wa abiria kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo mkewe, Zita, alitengeneza kingine kwa waya wa shaba, akiusuka kama anavyosuka kamba za ndama.

"Usichelewe," alimwambia.

Jioni, wakati wa kurudi, injini ilizimika katikati ya mlima Magara. Breki hazikushika. Gari likarudi nyuma hadi kwenye korongo.

Fundi aliyeifungua ile injini alimwita Zita pembeni. "Mama, hii ilikwisha zamani. Mtu aliijaza oili nzito ili isigonge na isitoe moshi. Tambarare inakudanganya. Mlimani ikipata moto, inakufa."

Gari hilo Margwe alilinunua kwa rafiki yake, Nikolausi, kabla tu ya mavuno.

Nikolausi alikuja msibani na kondoo. Alilia kuliko ndugu wa marehemu. Zita aliposema maneno ya fundi mbele ya wazee, Nikolausi aliapa kwamba hakujua lolote. Yeye naye aliuziwa hivyo hivyo. Wazee wakasema ajali ni ajali. Kisha Nikolausi akajitolea kukiondoa kile chuma chakavu, kisimuumize mjane macho. Wakamshukuru.

Zita hakubishana tena. Alifungua duka la oili karibu na stendi. Chumba cha nyuma aliweka mapipa mawili: la kushoto oili nyepesi, la kulia nzito. Wateja walimzoea. Hakuuza kabla ya kuuliza gari ni la namna gani na linapita njia gani.

Mwaka ule Manyara ilipofanywa mkoa, na Babati makao yake makuu, watu wakaanza kutafuta magari ya kupeleka mizigo Babati. Asubuhi moja Nikolausi aliingia dukani na galoni tupu.

"Shemeji! Biashara inakupenda, naona umenenepa."

"Karibu, shemeji. Gari gani?"

"Land Rover. Namuuzia mzee Joakimu wa Nambis, siku ya mnada. Nipe ile nzito kabisa."

"Linagonga?"

"Mafua kidogo. Nani hana mafua kwa baridi hii ya kwenu?" Akacheka.

Zita alichungulia nje. Gari lilikuwa la kijani, rangi ikinuka bado. Mlango wa abiria ulikuwa na kishikio cha waya. Walikuwa wamekipaka rangi pamoja na mlango, lakini msuko ulikuwa wake.

Alichukua galoni akaingia chumba cha nyuma. Alisimama kati ya mapipa yale. Oili nyepesi, ikichanganyika na mabaki ya ile nzito, ingemvumilia Nikolausi mjini, akiringa nayo. Mlimani Magara, injini ikipata moto, ingemwacha kama ilivyomwacha Margwe. Huko nje alimsikia akipiga mluzi.

"Shemeji, umelala na pipa?"

"Nakuja."

Alipotoka, galoni ilikuwa imejaa na mfuniko umekazwa. Nikolausi alikuwa ameshatoa pesa.

"Mbona umechelewa?"

"Ni hiyo baridi yetu, inagandisha oili. Utaliendesha mwenyewe?"

"Nani mwingine? Gari langu hilo."

"Basi nenda salama," alisema Zita.

Jioni hiyo alifunga duka mapema, akaenda Nambis kumsalimu mzee Joakimu.

Siku ya mnada watu walijaa kuliko kawaida. Nikolausi aliwasha gari. Halikugonga, halikutoa moshi. Alipiga boneti kwa kiganja kama mtu anayesifu ng'ombe wake.

"Sikilizeni! Mtoto anaweza kulala juu ya injini hii."

Mzee Joakimu alitega sikio, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Nimelipenda. Ila mimi mizigo yangu inapita Magara. Tupakie magunia, ulishushe mwenyewe na kulipandisha. Tukirudi hapa, nalichukua."

"Mzee wangu, mlima wa nini? Si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Sasa nataka kuona."

Vijana walianza kupakia. Hapo Zita alipenya katikati ya watu, amevaa kitenge alichovaa siku ya mazishi. Alimwamkia mzee Joakimu shikamoo, akashika kile kishikio cha waya, akakuna rangi kwa ukucha mpaka shaba ikaonekana. Wanawake waliokuwa wamemjua Margwe wakalitambua gari. Zita alifungua mlango, akapanda, akaketi pale mbele.

"Shemeji, nimeshapanda," alisema. "Twende."

Nikolausi alimtazama. Akatazama magunia, kisha barabara iendayo Magara. Aliingiza mkono dirishani, akazima injini.

"Siendi."

"Kwa nini?" aliuliza mzee Joakimu. "Si uliapa msibani kwa Margwe kwamba injini hii hujui ubaya wake?"

Nikolausi aliacha funguo juu ya boneti, akaondoka kwa miguu, na watu wakampisha kama wanaopisha maiti.

Galoni ile Zita aliijaza kutoka pipa la kulia, oili nzito kabisa, kama alivyoombwa. Hadi leo hakuna mtoto Mbulu anayempa Nikolausi shikamoo.