Kitabu Kinene Kuliko Vyote

Siku ya kumi, mkutubi aliruka sura nzima.

Alimaliza sura ya nane, akanywa maji, akageuza fungu la karatasi kwa mkupuo mmoja na kuanza sura ya kumi. Mumewe, mzee aliyekuwa akisomewa, alilala chali macho yakiwa darini.  Miaka thelathini na moja mkutubi aliwafokea watu wanaochana vitabu vya maktaba, na leo yeye mwenyewe alikuwa anakichinja kimoja.

Lakini angefanyaje? Daktari alifunga mlango wa ofisi yake kabla ya kumwambia: wiki sita, na pengine zisitimie. Kitabu kilikuwa na kurasa elfu moja na mia moja. Pumzi yake ilimtosha kurasa ishirini kwa siku. Hata mtoto wa chekechea angeona kwamba hawafiki.

Mzee ndiye aliyekitaka. "Niletee kinene kuliko vyote mlivyo navyo," alisema, siku mbili baada ya mkewe kurudi kutoka kwa daktari. "Na mwandishi wake awe mtu asiye na haraka."

Ugomvi huo ulikuwa na umri wa ndoa yao. Kabla ya kiharusi kumlaza, miaka mitatu sasa, na kumwachia mkono mmoja mzima na macho yenye ukungu, mzee alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Alipanga riwaya nzima kwa vidole, herufi moja baada ya nyingine, na hakuwa na subira na mtu anayezimeza. Mkewe alipenda zile nyembamba, unaanza Ijumaa na Jumamosi umeshajua nani kafa. Tena alikuwa na tabia mbaya ya kuanza kwa kuchungulia ukurasa wa mwisho.

"Kurasa tano zimeisha, na huyu hajafungua mlango," alilalamika.

"Mwache aufungue kwa nafasi yake. Unakimbilia wapi, bibie?"

 Mkewe aliinama kuokota miwani, akabaki ameinama hadi uso ulipomtulia.

Kila walipomaliza, alimwekea kitabu kifuani. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye kingo za karatasi, upande uliosomwa, kisha uliobaki, kama alivyozoea kupima kazi kiwandani.

"Leo tumekwenda mwendo," alisema siku ile ya kumi.

"Mwandishi amechangamka."

"Enhe," alisema mzee.

Jumamosi alikuja binti yao, akamvuta mama yake hadi jikoni.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini, na hali yenyewe ile? Kitabu kikiisha nitamwambia."

"Mama, si umsimulie tu mwisho wake?"

"Baba yako hajawahi kuachiwa kitabu nusu. Sitaanza mimi."

Basi akaendelea kuruka. Aliruka safari, harusi, mvua ya kurasa arobaini. Kila aliporuka alijichukia, na kesho yake akaruka tena. Mzee naye akazua ukaidi mpya.

"Rudia hapo."

"Nimesharudia mara mbili."

"Rudia."

"Hatuna muda, mzee," alisema, na maneno yakawa yameshamtoka.

 "Najua," alisema mzee. "Ndiyo maana nakwambia rudia."

Mkutubi alirudia. Machozi yalimdondokea kwenye karatasi, akayafuta kwa kiganja, akawa amevunja kanuni nyingine ya maktaba.

Siku ya thelathini na tisa alisoma ukurasa wa mwisho, kwa sauti ambayo aliyeketi kiti cha pili asingeisikia. Alikifunga kitabu na kukiweka mahali pake, kifuani. Mzee hakupitisha kidole. Aliushika mkono wa mkewe, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa, na lile la daktari halikutajwa na yeyote.

Jumamosi iliyofuata ua ulijaa viti vya msiba vya kuazima. Majirani waliosha vikombe, wakanong'ona jinsi wale wawili walivyopendana, wakaaga mmoja mmoja. Binti alipobaki peke yake aliingia chumbani. Kiti cha mama yake kilikuwa palepale kando ya kitanda, na miwani juu yake. Aliisogeza miwani, akakaa.

Mkono mmoja ukamnyooshea kitabu, kidole gumba kikiwa kimebanwa katikati ya karatasi.

"Anzia hapa, mwanangu," alisema mzee. "Sura ya tisa. Mama yako aliiruka, na nyingine kumi na moja baada yake. Usome polepole."